Chuki ya rangi hatuzaliwi nayo; mbona basi haifi?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Kila nikimaliza mada ya utumwa na ubaguzi wa rangi, wanafunzi huniuliza swali linalonishinda. Kama sayansi imekwisha kuthibitisha kwamba rangi ya ngozi haisemi lolote kuhusu akili wala tabia ya mtu, na kama sheria za kibaguzi zimefutwa, mbona ubaguzi haujaisha? Au ndivyo binadamu alivyoumbwa, kumchukia asiyefanana naye? Naomba jibu ambalo naweza kwenda nalo darasani."

Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako. Jibu ambalo wanafunzi wengi hupewa, kwamba ubaguzi ni ujinga na elimu ikienea utakwisha, ni jibu la kufariji tu, halielezi jambo. Mimi nitashika hoja moja tangu mwanzo ili tusipotezane njiani: chuki ya rangi haikuitangulia dhuluma, bali iliifuata nyuma ili kuihalalisha, nayo inaendelea kuishi kwa sababu mgawanyo wa mali, makazi na heshima ulioachwa na dhuluma hiyo bado upo, na kila siku unampa mtu kitu cha kuona kwa macho yake mwenyewe ambacho akili yake hukipokea kama ushahidi.

Nianze na suala la maumbile, kwa kuwa ndilo lenye mtego. Anayesema kwamba ubaguzi wa rangi ni maumbile huwa amechanganya mambo mawili, yaani wepesi wa akili zetu kuwagawa watu katika "sisi" na "wao", na uamuzi kwamba mpaka kati ya sisi na wao uwe ni rangi ya ngozi. Wepesi huo tunao kweli. Mwaka 1970, Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyezaliwa Poland katika familia ya Kiyahudi na ambaye jamaa zake wengi waliuawa wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha majaribio aliyoyafanya na wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza. Aliwaonyesha vidoto vingi kwa muda mfupi, akawataka wakadirie idadi yake, kisha akawaambia kwamba baadhi yao ni watu wa kuzidisha makadirio na wengine ni watu wa kupunguza. Ukweli ni kwamba alikuwa amewagawa kwa bahati nasibu. Kila mvulana aliketi peke yake na kutakiwa kuwagawia fedha kidogo wenzake wawili wawili, ambao hakuwajua kwa majina bali kwa namba na kundi tu. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. La ajabu zaidi ni kwamba palipotokea kuchagua, baadhi walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu ya kile ambacho lingeweza kupata, mradi kundi la pili lipate pungufu zaidi.

Wavulana hao walikuwa wanafunzi wa shule moja, waliokuwa wakicheza pamoja jana yake, na mpaka uliowatenganisha ulikuwa ni vidoto. Rangi haikuwamo kabisa. Jaribio hilo linaonyesha jinsi tulivyo wepesi wa kupendelea, lakini halisemi tutapendelea kwa kigezo gani. Kigezo tunaletewa na mazingira. Watafiti waliowapima watoto wachanga, kwa kuangalia ni uso upi mtoto anaukodolea macho kwa muda mrefu, wamekuta kwamba mtoto wa siku chache haonyeshi kujali rangi ya uso, ila akifikisha miezi 3 huwa ameanza kuzitazama zaidi nyuso zinazofanana na za wale wanaomlea. Mtoto wa umri huohuo aliyezoea kuona nyuso za rangi mbalimbali haonyeshi upendeleo huo. Hayo ni mazoea ya macho, na kutoka hapo hadi chuki bado ni safari ndefu.

Kuna jaribio jingine ambalo nalipenda kuliko mengi, lililochapishwa mwaka 2001 na Robert Kurzban, John Tooby na Leda Cosmides huko Marekani. Washiriki walionyeshwa picha za wanaume wa timu mbili zilizokuwa zimegombana, kila picha ikiwa na sentensi aliyoisema mhusika. Baadaye wakaulizwa nani alisema nini. Kilichopimwa ni namna ya makosa yao. Ukimhesabia Juma maneno ya Ali, kosa lako limefichua kwamba kichwani mwako Juma na Ali wamewekwa kapu moja. Wanaume wote walipovaa nguo za namna moja, washiriki waliwachanganya weusi kwa weusi na weupe kwa weupe. Walipovalishwa fulana za rangi mbili tofauti kufuata timu zao, ambazo zilikuwa na weusi na weupe kila upande, makosa ya kuchanganya kwa rangi ya ngozi yalipungua sana, na yale ya kuchanganya kwa timu yakapanda. Yote hayo yalitokea katika muda wa dakika chache tu, kwa watu waliokulia maisha yao yote katika nchi yenye historia nzito ya ubaguzi. Akili, basi, ina hamu kubwa ya kujua nani yuko upande wa nani, na inashika alama yoyote inayoisaidia kubashiri. Rangi ya ngozi huwa alama yenye nguvu pale tu jamii ilipokwisha kuifanya iwe habari ya kweli kuhusu nani anaamrisha na nani anaamrishwa.

Sasa nani aliifanya hivyo, na lini? Hapa ndipo wewe kama mwalimu wa historia una mtaji kuliko sisi wa saikolojia. Chukua koloni la Kiingereza la Virginia, huko Amerika ya Kaskazini, katika karne ya 17, ambako Waafrika wa kwanza walifikishwa mwaka 1619. Mashamba ya tumbaku yalihitaji mikono, na mingi ya mikono hiyo ilikuwa ya maskini wa Ulaya waliofungwa na mikataba ya kutumika kwa miaka kadhaa. Waafrika walifanya kazi kando yao, na baadhi yao walipata uhuru na kumiliki ardhi. Mwaka 1640 watumishi watatu wa bwana mmoja walitoroka pamoja wakakamatwa Maryland, koloni la jirani. Mmoja alikuwa Mholanzi, wa pili Mskoti, wa tatu Mwafrika aliyeitwa John Punch. Kosa lilikuwa moja, siku moja, na wote walihukumiwa viboko; lakini Wazungu wawili waliongezewa miaka 4 ya kutumika, naye John Punch akaamriwa kumtumikia bwana wake au warithi wake maisha yake yote. Hukumu hiyo isomeshe darasani polepole, kwa sababu inatuonyesha mpaka wa rangi ukichorwa mbele ya macho yetu, tena na mahakama, kabla haujazoeleka mitaani.

Kilichofuata ni kazi ya kuuimarisha mpaka huo sheria kwa sheria. Mwaka 1662 baraza la Virginia liliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, kinyume cha desturi ya Kiingereza ambayo mtoto alifuata ya baba. Kwa uamuzi huo, bwana aliyezaa na mtumwa wake alikuwa anajiongezea mali. Mwaka 1667 likaamua kwamba ubatizo haumtoi mtu utumwani. Sheria hii ya pili inasema mengi, maana hadi hapo hoja ya kumtumikisha Mwafrika ilikuwa kwamba si Mkristo. Alipobatizwa hoja ikaanguka, ikabidi itafutwe tofauti nyingine ambayo mtu hawezi kuivua kwa maji wala kwa imani, nayo ni ngozi. Kisha mwaka 1676 ukatokea uasi wa Nathaniel Bacon, ambamo watumishi wa Kizungu na watumwa wa Kiafrika walishika silaha pamoja, na mji mkuu wa koloni, Jamestown, ukateketezwa kwa moto. Bacon mwenyewe hakuwa mtetezi wa wanyonge, na vita vyake vilianza kwa kuwashambulia wenyeji Wahindi Wekundu. Lakini kilichowatia hofu wenye mashamba ni kuona weusi na weupe wa tabaka la chini wakisimama pamoja. Sheria ya mwaka 1691 iliamuru Mzungu anayefunga ndoa na mtu mweusi au Mhindi Mwekundu afukuzwe kabisa kolonini. Ile ya mwaka 1705 ilimpa mtumishi wa Kizungu anayemaliza mkataba mahindi, shilingi 30 na bunduki, huku ikiamuru mifugo ya watumwa ichukuliwe, iuzwe, na fedha yake isaidie maskini wa parokia.

Huyo maskini wa Kizungu hakuwa tajiri baada ya hapo. Ardhi nzuri ilibaki kwa wakubwa wale wale. Alichopewa ni mtu wa kuwa chini yake. Mwaka 1935 mwanazuoni Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois aliuita ujira wa namna hii malipo ya kijamii na ya kisaikolojia: mfanyakazi mweupe alilipwa kidogo mfukoni, akafidiwa kwa heshima ya kuitwa mweupe. Nadhani Du Bois aligusa kiini cha jambo kuliko wengi waliomfuata, kwa kuwa alieleza kwa nini mtu asiyefaidika na mfumo anaweza kuutetea kwa damu yake. Malipo hayo yana sifa moja mbaya: hayana thamani ila mwingine anyimwe. Ndiyo maana kila hatua ya usawa humwuma anayeyategemea, hata kama hakupungukiwa na senti.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na waliouunda ubaguzi hawakuwa mambumbumbu. Wasomi ndio walioutia wino. Wahubiri walidai kwamba Waafrika ni kizazi cha Hamu kilicholaaniwa na Nuhu, ilhali sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo inasema aliyelaaniwa ni Kanaani na haitaji rangi ya ngozi ya mtu yeyote. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, bingwa wa kuainisha mimea na wanyama, aliwagawa binadamu kwa mabara na kuandika, kana kwamba anaeleza idadi ya miguu ya mdudu, kwamba Wazungu hutawaliwa na sheria na Waafrika na matakwa yao ya ghafla. Mwaka 1839 Samuel Morton wa Philadelphia alichapisha vipimo vya mafuvu, ambayo mwanzoni alikuwa akiyajaza mbegu za haradali ili kupima ukubwa wa ubongo, na akapanga watu kwa ngazi, weupe wakiwa juu. Kwa hiyo wanafunzi wako wakisema elimu itaondoa ubaguzi, waulize ni elimu ipi.

Kuhusu biolojia sitakaa sana, kwa kuwa swali lenyewe limekwisha kuikubali. Weusi wa ngozi ni kinga dhidi ya jua kali, na weupe ni namna ya mwili kutengeneza vitamini D penye jua hafifu. Ndiyo maana watu weusi sana wanapatikana Afrika, kusini mwa India na visiwa vya Melanesia bila kuwa ndugu wa karibu kinasaba. Mwaka 1972 mwanabiolojia Richard Lewontin alikokotoa kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kinasaba za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja, na kidogo tu kilichobaki ndicho kinachotenganisha zile zinazoitwa mbari.

Ila lipo tukio moja la mahakamani ambalo nakuomba usiliache, kwa kuwa linafundisha kuliko takwimu hizo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1790 iliruhusu mgeni kupewa uraia akiwa ni mtu huru mweupe. Waliotoka Afrika waliongezwa mwaka 1870, na wengine wote wakabaki nje. Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani aliyesoma California na kuishi Hawaii, aliomba uraia akijenga hoja kwamba ngozi yake ni nyeupe, tena nyeupe kuliko ya Wazungu wengine. Novemba 1922 Mahakama Kuu ya nchi ikamkatalia, ikisema kwamba weupe si suala la rangi ya ngozi. Mweupe, ilisema, ni mtu wa mbari ya Kaukazi, jina ambalo wanasayansi wa wakati huo waliwapa Wazungu na wale waliodhaniwa kuwa wa asili moja nao. Bhagat Singh Thind, Mpunjabi wa India aliyelitumikia jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, naye alikuwa na shauri lake. Wanasayansi wa wakati huo waliwahesabu watu wa kaskazini mwa India kuwa ni Wakaukazi, kwa hiyo kipimo cha mahakama kilimfaa barabara. Februari 1923, miezi 3 tu baadaye, mahakama ile ile, kwa kalamu ya jaji yule yule, George Sutherland, ikamkatalia pia: sayansi iseme itakavyo, mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida anamwona kuwa mweupe. Ozawa alinyimwa kwa kipimo cha sayansi, Thind akanyimwa kwa kuikana sayansi. Kipimo kilibadilika, mlango haukufunguka, na hapo mwanafunzi anaona wazi kwamba kilichokuwa kikilindwa ni mlango.

Nimefika kwenye swali la kwanza la wanafunzi wako: sheria zimefutwa, mbona ubaguzi unaendelea? Kwa sababu sheria ikifutwa, kilichokwisha kukusanywa chini yake hakirudishwi. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, nazo zikaenda kwa waliokuwa wakimiliki watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata kitu. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015, yaani katika uhai wa wanafunzi wako au wa kaka na dada zao. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200 kwa rangi nne, na mitaa waliyoishi weusi ikapakwa nyekundu kama mahali pa hatari kwa mkopeshaji. Aliyeishi hapo hakupata mkopo wa masharti nafuu hata akiwa na kazi nzuri na hana deni. Ubaguzi huo wa nyumba ulipigwa marufuku mwaka 1968, lakini kufikia hapo vizazi viwili vya familia za weupe vilikuwa vimenunua nyumba, nyumba zimepanda bei, na bei hiyo imesomesha watoto. Shule nazo, kwa sehemu kubwa, huendeshwa kwa kodi ya majengo ya eneo husika, kwa hiyo mtaa uliofukarishwa ukawa na shule fukara bila mtu yeyote kulazimika kubagua tena. Takwimu za benki kuu ya nchi hiyo za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba familia ya weupe iliyo katikati ya orodha ina mali halisi ya dola 285,000, na ya weusi dola 44,900.

Sasa mchukue mtoto wa miaka 6 anayekulia katika jamii ya namna hiyo. Nyumbani haambiwi neno baya hata moja kuhusu weusi. Wazazi wake ni waungwana, tena wanaona ni adabu kutolizungumzia kabisa suala la rangi. Lakini mtoto ana macho. Anaona anayefagia ukumbi ni nani, anayeketi nyuma ya meza kubwa ni nani, mtaa ulioharibika wanakaa akina nani, na daktari anayemtibu anafanana na nani. Watoto ni mabingwa wa kutafuta kanuni, kama ambavyo hujifunza sarufi bila kufundishwa, na kwa kuwa hakuna aliyemsimulia habari za mkopo, ramani na mkataba, atajaza pengo kwa maelezo mepesi kuliko yote: watu hawa wako hivi kwa sababu ndivyo walivyo. Ukimya wa wazazi wake umemwacha achukue matokeo ya historia akidhani ni tabia za watu. Na mtoto mweusi naye ana macho yale yale. Katika majaribio ya wanandoa Kenneth na Mamie Clark ya miaka ya 1940, watoto weusi walipewa wanasesere wanne wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, na wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyotajwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954 ilipopiga marufuku kutenganisha shule za umma kwa rangi.

Mzunguko huo ukishakamilika, hauhitaji mtu mwenye chuki ili uzunguke. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wasifu ukiwa wa kiwango kimoja na majina ndiyo yakibadilishwa. Wenye majina kama Emily na Greg, ambayo huko huhesabiwa kuwa ya weupe, waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina kama Lakisha na Jamal, yanayohesabiwa kuwa ya weusi. Ofisa aliyezipanga barua hizo mezani, ukimwuliza, pengine atakuapia kwamba hajawahi kumbagua mtu, na inawezekana anasema kweli kwa kadiri anavyojijua. Alikuwa na barua nyingi na muda mfupi, akategemea hisia, na hisia hizo zililelewa na yale niliyoyasimulia hapo juu. Lakisha asipoitwa anabaki bila kazi, na ofisa mwingine atakayesoma wasifu wake mwakani ataona pengo la mwaka mzima na kujiuliza ana tatizo gani.

Hata mawazo yaliyotungwa waziwazi kutetea utumwa hayakufa na walioyatunga. Madaktari wa mashambani waliandika kwamba mtu mweusi ana ngozi nene na hasikii maumivu sana, jambo ambalo lilimfaa mwenye kiboko. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa udaktari na madaktari wanagenzi 222, wote weupe, katika Chuo Kikuu cha Virginia. Takriban nusu yao walikubali walau dai moja la uongo la aina hiyo, na waliokubali madai hayo walielekea kumpa mgonjwa mweusi alama ndogo ya maumivu na kupendekeza tiba isiyofaa. Hao si watu wasiosoma, na sidhani wengi wao waliingia udaktari wakiwa na nia mbaya.

Utaniuliza, mtu akikutana na mweusi hodari, msomi, mwaminifu, si dhana yake itavunjika? Kwa kawaida haivunjiki. Akili hufungua kapu dogo pembeni, ikamweka huyo mmoja humo, na kapu kubwa likabaki kama lilivyo. Ndiyo asili ya ile sifa ya sumu, "wewe si kama wenzako," ambayo msemaji huitoa kwa moyo mweupe akidhani amesifu. Kukutana kwenyewe hakutoshi, na historia imejaa ushahidi: mabwana na watumishi wao wameishi nyumba moja, mtumishi amemnyonyesha mtoto wa bwana, na dhana haikutikisika, kwa sababu kila siku ya kuishi pamoja ilikuwa ni somo jingine la nani yuko juu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana huleta nafuu pale watu wanapokuwa na hadhi sawa katika jambo husika, wana lengo moja, hawawezi kulifikia bila kusaidiana, na wakubwa wao wanaunga mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipokusanya tafiti zaidi ya 500 na kuzichambua pamoja mwaka 2006, walikuta kwamba kukutana kwa kweli hupunguza chuki, na hupunguza zaidi masharti ya Allport yakiwepo. Binafsi nasisitiza hilo la hadhi sawa. Warsha ya siku moja ya kupendana, ambayo baada yake kila mtu anarudi kwenye cheo chake na mtaa wake, hainishawishi hata kidogo.

Kwa ajili ya darasa lako nina pendekezo moja, lililotokana na jaribio la David Hamilton na Robert Gifford la mwaka 1976, nalo linahitaji karatasi na mkasi tu. Tengeneza kadi 39, kila moja ikieleza tendo la mtu mmoja wa kundi A au wa kundi B, makundi ya kubuni yasiyo na rangi wala nchi: "Mtu wa kundi A alimtembelea rafiki mgonjwa," "Mtu wa kundi B alikasirika akavunja kikombe." Kundi A lipewe kadi 26, mema 18 na mabaya 8. Kundi B lipewe kadi 13, mema 9 na mabaya 4. Uwiano ni ule ule kabisa. Tofauti ni kwamba watu wa B ni wachache, na mabaya ni machache kuliko mema, na akili hushika sana mambo mawili adimu yanapokutana. Changanya kadi, zisome kwa sauti moja baada ya nyingine bila haraka, kisha kila mwanafunzi aandike peke yake ni matendo mangapi mabaya yalifanywa na kundi B, na ni kundi gani angependa kuishi nalo jirani. Katika jaribio la awali, washiriki waliwahesabia B mabaya mengi kuliko yaliyokuwamo, wakawapa alama za chini pia.

Kusanya karatasi zao kabla hujazimwaga kadi mezani wazihesabu wenyewe. Mimi hulifanya zoezi hili kila mwaka na wanafunzi wapya. Safari moja kijana aliyekuwa ameandika kwamba B walifanya mabaya 7 alizihesabu kadi mara tatu, akainama kuangalia chini ya meza, kisha akaniomba nitoe zile nilizozificha.